Akina Keller wa Upande wa Biharusi

Nilikozaliwa, milimani Usambara, kuna mahali tulipopaita Kwa Keller. Keller mwenyewe hatukumjua. Alikuwa Mjerumani mwenye shamba enzi za mababu zetu, akaenda zake, na alichoacha ni msingi wa nyumba ya mawe, mfereji uliojaa majani na miti michache ya mapeasi tuliyoikwea tukitoka shule. Mtu akikuuliza unakwenda wapi, unamjibu, "Kwa Keller," na hakuna anayeuliza Keller yupi.

Basi siku nilipoliona jina hilo kwenye kibao cha barabarani, kaskazini ya Fort Worth, niliegesha gari pembeni nikalitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani ugenini. Ilikuwa mwaka 2017, nina miezi michache tu Texas. Kibao hakikusema shamba. Kilisema mji mzima.

Mimi ni mtu wa miguu isiyotulia. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikauza vipuri Arusha, nikapaka nyumba rangi Mombasa, nikalinda ghala Nairobi. Kila nilipohama niliukumbuka mji niliouacha kwa uchungu kama wa mtu aliyefukuzwa, ingawa aliyenifukuza ni mimi mwenyewe. Fort Worth nilipata kazi iliyonifaa: kuendesha gari la mizigo, kupeleka vipuri vya mashine za hospitali Dallas, Houston na miji iliyo katikati. Mwajiri alinilipa kwa ajili ya kile ambacho ningekifanya hata bila malipo, yaani kuondoka.

Na humo njiani akina Keller walikuwa wamejaa. Upande wa Dallas kulikuwa na gereji ya tairi ya Keller. Kwenye mji mdogo kando ya barabara kuu ya kwenda Houston kulikuwa na duka la mikate la Keller, na mkate wa mviringo umechorwa juu ya herufi ya kwanza. Kuna Keller aliyeng'oa meno, Keller aliyeuza nyumba na kujipiga picha akitabasamu kwenye mabango, na barabara moja ya vumbi iliyoitwa Keller ambayo haikuwa na nyumba hata moja, ng'ombe tu.

Nyumbani kwetu ukiona jina moja kwenye basi, kwenye kinu cha unga na kwenye duka la saruji, unajua ni mzee mmoja na wanawe. Kwa hiyo nilijua moja kwa moja kuwa hawa nao ni ukoo mmoja uliofanikiwa. Baba alianzisha mji, mmoja akapewa tairi, mwingine mikate, yule mwerevu akasomeshwa meno. Niliwaonea fahari. Nikipita mbele ya gereji ile nilipiga honi kidogo, kama unavyomsalimia shemeji.

Ghorofa ya chini ya pale nilipopanga aliishi mama mmoja Mrundi, amenizidi umri miaka kama kumi, nami nilimwita dada. Alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja. Alikulia na kuolewa kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha upande wetu, na Jumapili baada ya misa alinipikia maharagwe kwa ndizi ili nisikonde, ingawa sikuwa na dalili yoyote ya kukonda. Mume alimfia kambini. Alikuja Marekani na binti mmoja wa miaka saba. Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anasomea uuguzi, ukimsemesha Kiswahili anakuelewa kila neno na kukujibu kwa Kiingereza.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 binti akapata mchumba, kijana wa Kikenya wa Cedar Hill. Dada alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alinigongea mlango, akaketi bila kukaribishwa, na kuniambia kuwa posa inakuja baada ya Pasaka na hana mtu wa kuipokea.

Nikamwambia mimi nipo. Akanitazama kwa huruma.

Kwao, alinieleza, mama mzazi haombwi wala haongei siku ile. Anakaa kimya. Anayeombwa ni mzee wa ukoo, na nyuma yake wanakaa ndugu, viti vimejaa, ili waombaji waone kuwa wanaomba mtu mwenye watu. Wazee wake yeye hawakuwako tena. Wengine walikuwa chini ya ardhi na wengine hakujua waliko. Na upande wa kijana ulikuwa na wajomba kama timu ya mpira pamoja na akiba yake.

"Mtoto wangu ataombwa kama mtu aliyeokotwa," alisema. "Halafu kila watakapogombana, atakumbuka viti vilikuwa vitupu."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Harusi, nguo, ukumbi, havikumsumbua. Alitaka mtu mmoja tu wa kukaa kiti cha mbele, na alimjua ni nani. Siku waliposhuka uwanja wa ndege, yeye na mtoto, na viatu vya kandambili katikati ya Januari, walipokewa na watu wa kanisa moja dogo, na mmoja wao alikuwa bibi wa Kimarekani aliyekuja na makoti mawili mkononi. Bibi huyo alimfundisha dada kuendesha gari katika uwanja mtupu wa kanisa. Alimfundisha binti kusoma. Kwa miaka minne hakukosa Jumatano hata moja. Kisha mumewe akafa, naye akahamia kwa binti yake upande wa Houston. Waliendelea kupigiana simu mpaka siku simu ya dada ilipoingia ndani ya mashine ya kufulia pamoja na mashuka ya chumba kizima. Namba ikapotelea humo. Walipokwenda kanisani kuulizia, jengo lilikuwa limeuzwa na watu walikuwa wananyanyua vyuma ndani yake.

Nilimuuliza anaitwa nani.

"Bibi Keller," akasema.

Nilicheka mpaka nikapiga paja. Nikamwambia anywe chai, kazi imekwisha, hao wote nawajua. Maana yangu ilikuwa najua wanakokaa. Ukoo mkubwa vile, wenye mji na tairi na mikate, hauwezi kukosa kumjua mkongwe wao. Tunapeleka ujumbe kwa mmoja, anampa mwingine, kabla ya mwezi kwisha umefika.

"Na jina lake la kwanza?" nilimuuliza, nikichukua kalamu.

Dada alinitazama kama nimesema tusi. "Mtu mzima vile, nimuulize jina lake? Nilimwita Bibi, naye akaitika. Wewe bibi yako ulimuuliza?"

Niliweka kalamu chini, maana bibi yangu mzaa mama mpaka leo sijui jina alilopewa na wazazi wake. Binti alikuwa ameshatafuta katika simu, akapata akina Keller wasiohesabika, na hakuna bibi wetu miongoni mwao. Kwa hiyo tulitengeneza kadi. Binti aliiandika kwa Kiingereza: tunamtafuta bibi yetu, siku ya posa ni hii, namba ya simu ni hii. Chini tuliweka picha ya zamani, ya uwanja wa ndege, mtoto amemezwa na koti la zambarau na bibi mwembamba mwenye miwani mikubwa amemshika bega.

Nilianzia mjini Keller, kwa heshima, maana mtu huanzia kwenye boma la ukoo. Niliingia maktaba ya mji, nikamsalimu mama aliyekuwa mezani, nikauliza habari za afya, kisha nikamwomba anielekeze kwa mzee wa ukoo wa Keller. Akaniuliza kama natafuta ramani. Tulirudia hayo mara tatu. Mwishowe alicheka kwa upole na kuniambia ameishi hapo miaka thelathini na hajawahi kukutana na mtu mwenye jina hilo. Nilitoka nikiwaza kuwa labda wameuza kiwanja chote na kuhamia kusini.

Keller wa tairi alikuwa mtu mkubwa, ndevu zimefika kifuani, mikono myeusi kwa raba. Hakumfahamu bibi wa kwenye picha, lakini aliichukua kadi na kuibandika kwenye kioo. Nikiwa naaga nikamuuliza, kwa adabu tu, watu wa kule dukani kwenye mikate hawajambo?

"Mikate ipi?" akasema.

Nikamweleza. Akasema hajawahi kusikia duka hilo.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mtu akikuambia hamjui ndugu yake anayefanya biashara barabara ileile, kuna ugomvi wa urithi. Nimeyaona nyumbani. Mashamba mawili yanapakana na watoto wa tumbo moja hawasalimiani. Nikamwonea huruma yule bwana, na nikaona hata bibi atakuwa ametengwa na upande mmoja kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya kumpata bibi, ilinipasa kwanza kuwapatanisha.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na mzigo wa Houston. Nilisimama kwenye duka la mikate, nikanunua mikate miwili ya nyama, na kumwambia mwenye duka kuwa ndugu yake wa tairi anamsalimu sana. Alikuwa mzee mfupi mwenye aproni, miwani imejaa unga. Alisita. Kisha akasema ahsante, mwambie nami namsalimu. Nilifurahi. Jinsi alivyosita niliona ni ishara ya jeraha.

Niliporudi Dallas nilifikisha salamu. Mwenye tairi alikuna ndevu na kuuliza yule bwana hasa anataka nini. Nikamwambia hataki kitu, damu ni damu. Safari iliyofuata mzee wa mikate alinipa mfuko wa maandazi ya sukari, akasema, "Mpelekee kaka yangu wa tairi," na akamkonyeza mkewe. Sikuiona maana ya kukonyeza kule. Mwenye tairi naye, alipokula la kwanza, akanipa kopo la nta ya kung'arishia magurudumu. Miezi miwili nilikuwa mshenga wa watu wawili ambao sikujua kuwa hawajawahi kukosana.

Kadi moja nilimwachia mng'oa meno, nyingine muuza nyumba. Nyingine niliifunga kwenye lango la barabara ile ya ng'ombe, labda kuna mtu angeipita.

Ni mzee wa mikate aliyenifumbua macho. Ilikuwa wiki mbili kabla ya posa, nimesimama na salamu zangu. Akanikalisha, akaniletea kahawa, akaniambia kuwa ameona haya kuniacha niendelee. Yule wa tairi si kaka yake. Wala wa meno. Ujerumani jina hilo limetapakaa kila kijiji, akasema, na watu walishuka melini Texas kwa miaka mingi, kila mmoja na Keller wake mfukoni, bila kujuana. Babu yake alikuja peke yake. Mkewe alifanya utafiti wa ukoo mpaka ukaishia kwa fundi viatu mmoja, na hapo hakuna tairi wala meno.

Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimewapenda kama ukoo. Nikamuuliza, kama si ndugu, kwa nini alipeleka maandazi.

"Umekuja hapa kila wiki kuniambia nina ndugu ananisalimu," alisema. "Nani angekataa?"

Kadi yetu aliibandika ukutani, karibu na mahali watu wanapolipia. Akasema itakaa, hata kama haina maana.

Jioni ile nilimweleza dada. Nilitegemea atanigombeza kwa kupoteza miezi mitatu. Aliendelea kukunja nguo za mtoto wa jirani aliyekuwa akimlelea, ncha kwa ncha kama mashuka ya hoteli, kisha akasema basi tutaweka viti vichache, vichache vikijaa vinaonekana vingi. Hakulia. Ningependelea alie.

Siku tano zilipita, simu ikalia akiwa kazini. Aliisikiliza amesimama katikati ya mvuke, akaniambia baadaye kuwa alijibu "ndiyo, ndiyo" kwa lugha ambayo hakuijua ni ipi. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa Pearland, kusini ya Houston, anayefanya kazi katika maabara ya hospitali moja kubwa. Alikuwa akitoka Dallas kikazi na kusimama kununua mikate. Familia yake, akasema, husimama pale tangu yeye akiwa mtoto, kwa sababu ya jina tu. Baba yake aliona fahari kupiga picha chini ya kibao kile na kujifanya ndiye mwenye duka. Alipokuwa akilipa aliinua macho, akamkuta mama yake ukutani.

Yeye mwenyewe alikuwa na jina la mumewe, kwa hiyo hata tungegonga kila mlango wa Keller Pearland nzima, wake tusingeugonga.

Bibi alikuwa hai, akili kamili, na alikuwa amewaulizia miaka yote. Ila alivunjika nyonga miezi michache nyuma. Aliweza kukaa kitini na kutembea kwa kigari cha kushikilia mpaka mezani. Kumweka ndani ya gari masaa manne na nusu mpaka Fort Worth, daktari alikataa na binti yake alikataa zaidi.

Dada aliwaza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha akampigia mshenga wa upande wa kijana na kumwambia kuwa posa itapokelewa Pearland.

Mshenga huyo alikuwa mjomba wa kijana, muuguzi mwenye kitambi na kofia ya ukili ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba, mtu wa maneno mengi. Dada aliweka simu kwenye sauti ya juu ili nami nisikie. Mshenga alilalamika kuwa msichana huombwa kwao, na kwao ni Fort Worth, wao wanatoka Cedar Hill, karibu, wamekwishapanga magari, na kuna mama wazee wawili ambao hawawezi safari.

"Shemeji, na mimi nina mmoja asiyeweza safari," dada alimjibu. "Wa kwangu ndiye mnayemwomba. Kwa hiyo ninyi ndio mtakaosafiri."

"Haya," mshenga akasema. "Lakini mkitupeleka mpaka huko halafu tukute viti vitupu, tutawauliza kama mnauza fanicha."

Alikuwa anatania, na dada alijua anatania, lakini baada ya simu aliniuliza mimi ninaona viti vingapi. Tulihesabu. Yeye, mimi, kina mama watatu wa Kirundi wa kwaya ya kanisani waliokuwa tayari kuomba ruhusa kazini, bibi na binti yake na mkwewe. Wanane. Upande wa pili walikuwa wanakuja na magari saba.

Nilifanya ambalo sikuagizwa. Nilimpigia Keller wa mikate, kisha Keller wa tairi, nikawaeleza yote, pamoja na kwamba sasa najua si ndugu na ninaomba radhi. Niliwaambia nina viti.

Ijumaa, siku moja kabla, dada alimfundisha bibi kwa simu kazi yake. Aliniomba nitafsiri palipokuwa pagumu. Tulimwambia mgeni ataongea sana na kuzungukazunguka, atasema ameona ua zuri bustanini na mambo kama hayo. Asimkatize. Na jambo kubwa, dada alisisitiza, asikubali haraka. Kwetu hatukubali mara ya kwanza. Bibi alisema ameelewa. Nilisikia kalamu ikikwaruza, alikuwa anaandika.

Jumamosi Pearland palikuwa na joto lenye unyevu, nyasi zimekatwa sawasawa, mabomba ya kunyunyizia maji yanazunguka. Binti wa bibi alikuwa amepanga viti uani, upande huu na upande huu. Dada alipomwona bibi kwenye kiti cha mbele, mdogo kuliko zamani, na miwani ileile, alipiga magoti kwenye nyasi na kuweka kichwa mapajani mwake, bila kujali nguo yake mpya. Sitasimulia zaidi hapo, niliangalia pembeni.

Kisha Keller wa mikate akaingia na mkewe na makasha manne. Nyuma yake akaingia Keller wa tairi, ndevu zimechanwa, shati limepigwa pasi, na mkewe na wanawe wawili watu wazima wenye mabega kama milango. Wale wanaume wawili walitazamana.

"Wewe ndiye kaka yangu," alisema wa mikate.

"Nimekula maandazi yako miezi miwili," alisema wa tairi. Wakapeana mikono kwa muda mrefu kuliko Wamarekani wanavyopeana.

Viti vyetu vilijaa. Mmoja wa vijana wa tairi alikosa pa kukaa akasimama nyuma kama mlinzi wa rais.

Wakenya walifika kwa msafara, akina mama wamevaa vitenge vya rangi moja. Mshenga alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa, akaangaza macho upande wetu na kuvikagua viti kimoja kimoja. Nilimwona akikosa mzaha aliokuwa ameuandaa. Ilimbidi atafute mwingine. Akainuka, akasema kwa Kiswahili, nami nikawa namtafsiria bibi, kuwa wame-drive kutoka Cedar Hill tangu asubuhi, njiani wameshuka mara tano kwa ajili ya wamama na mara sita kwa ajili yake mwenyewe, na kilichowaleta ni harufu ya ua. Kijana wao ameisikia akiwa Cedar Hill na tangu siku hiyo hali chakula.

"Anaonekana ameshiba," bibi alisema kwa Kiingereza. Upande wetu ukacheka. Kijana akainamisha kichwa.

Mshenga alichangamka. Akasema kabla hajaomba, angependa kujua anawaomba akina nani, kwa sababu anaona ukoo wa ajabu, kuna Warundi, kuna Mtanzania wa kutafsiri, na kuna wazungu wenye ndevu. Hawa kweli ni wa ukoo wa huyu msichana?

Keller wa tairi aliniuliza amesema nini, nikamwambia. Akasimama. Akasema yeye ni Keller. Yule wa mikate naye akasimama akasema yeye pia ni Keller. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hakuna aliyeongeza neno.

Bibi akasubiri wakae. "Mimi niliingia kwa akina Keller kwa kuolewa," alisema. "Hakuna aliyenidai cheti. Huyu aliingia kwa koti. Endelea na ulilojia."

Niliitafsiri polepole ili isipotee. Mshenga aliinamisha kofia. Akaomba sasa kwa utaratibu wote, kwa maneno mazuri ya kizee ambayo sikujua anayo, akamaliza, akakaa. Kila mtu akamtazama bibi. Alitoa kikaratasi katika pochi, akakisoma kimya, akakirudisha.

"Nimesikia," alisema. "Njooni tena Jumamosi ijayo."

Hapakuwa na haja ya kutafsiri. Watu wa magari saba walikuwa wameelewa. Mmoja wa wale wamama wazee alisema taratibu, "Woi." Nilimgeukia dada. Mila ilikuwa imemfunga mdomo, na kidole chake kilikuwa kinakwaruza mbao ya kiti. Alikuwa amemwambia bibi asikubali mara ya kwanza, akimaanisha wabembeleze mara mbili tatu palepale. Hilo la palepale halikuandikwa kwenye karatasi.

Mshenga aliinuka. Akaivua ile kofia, mara ya kwanza machoni pangu, na kichwa chake kilikuwa na upara unaong'aa.

"Mimi nimeombea vijana wanne hapa Texas," alisema. "Wote nilipewa kama pizza. Unapiga simu, unaletewa mlangoni. Leo ndio mara yangu ya kwanza kunyimwa." Aliwageukia watu wake. "Hawa sasa ni watu. Inukeni, tumefukuzwa. Twendeni tungoje hiyo Jumamosi."

Wakainuka wote, wamama, watoto, kijana mwenyewe akitazama nyuma, wakatoka langoni na kuingia kwenye magari. Tulisikia injini zikiwaka moja moja.

Bibi alinishika mkono. Aliniuliza wanakwenda wapi, na kama amekosea.

"Hapana, bibi," nilimwambia. "Umepatia kupita kiasi. Wanazunguka mtaa."

"Jumamosi ni muda gani?"

"Nadhani dakika kumi."

Tuliona paa za magari zikipita nyuma ya uzio, saba, polepole, kama msafara wa serikali, kisha zikapita tena upande mwingine. Majirani walitoka vibarazani. Dada hakugeuza kichwa. Alikaa wima, lakini kidole kilikuwa kimetulia.

Hodi ikapigwa. Mshenga aliingia, kofia kichwani, anapangusa jasho kana kwamba ametembea wiki nzima.

"Ni sisi," alisema, "wale wa Jumamosi iliyopita."

Bibi aliweka mikono yote miwili juu ya kigari chake, akajivuta polepole mpaka akasimama. Binti yake alitaka kumshika, akamkatalia.

"Nimewawaza wiki nzima," alisema. "Nimekubali."

Dada, aliyefunga mdomo tangu asubuhi, alipiga kigelegele kimoja kirefu kiasi kwamba kina mama wa kwaya walichelewa kukidaka, na wamama wa Cedar Hill wakajibu kutoka langoni kabla hawajaingia. Biharusi alicheka na kulia, kijana hakujua akae upande gani. Nyuma yangu Keller wa tairi alimwinamia Keller wa mikate na kumuuliza kama hiyo maana yake ni ndiyo.

"Sijui," alisema mwingine, naye akiwa ameshasimama anapiga makofi. "Lakini tumeshinda."